Kurasa za wiki zinazopatikana: mwongozo kutoka kikundi cha mafundi wa sola, Lubumbashi

Jioni moja ya mwezi wa pili, mvua imetanda juu ya Ruashi, fundi kijana wa kikundi chetu alinipigia simu akiwa kwa mteja. Betri mpya, paneli mpya, na taa ya kuchaji haiwaki. Nikamwambia afungue wiki yetu, ile tovuti ya pamoja ambayo kila mwanachama anaweza kuiandika na kuisahihisha, jibu limo. Akanijibu: "Yaya" (kwetu ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa), "nimetafuta, hayiko mule."

Nilijua limo. Ukurasa ule niliuandika mwenyewe, usiku mbili. Kesho yake nikamwuliza alitafuta kwa neno gani. Alikuwa ameandika "batri haichaji". Ukurasa wangu uliitwa "Matatizo ya mfumo wa hifadhi ya nishati", na ndani yake neno "haichaji" halikuwemo hata mara moja. Mimi niliandika "kushindwa kupokea nishati", nikiona ndiyo lugha ya kitaalamu. Familia ile ililala gizani, na jibu lilikuwa mfukoni mwa fundi wao, ndani ya simu.

Tangu siku hiyo tumebadilisha namna tunavyoandika, na hatua zifuatazo ndizo tunazozifuata. Mifano ni ya sola kwa sababu ndiyo kazi yangu, lakini wauguzi, walimu au ushirika wa wakulima wenye wiki ya pamoja watakuta mambo ni yaleyale. Wiki yetu inatumia MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia. Kama ninyi mnatumia DokuWiki au nyingine, amri zitatofautiana kidogo, kazi haitofautiani.

Hatua ya 1: Kusanya maneno kabla ya kuandika

Usianze na unachokijua. Anza na maneno ya mtu atakayekuja kutafuta, tena atakayetafuta akiwa juu ya bati, jua linamchoma, betri ya simu imebaki kidogo na mteja amesimama chini anamwangalia.

Chukua karatasi. Waulize watu watatu: fundi mwenye uzoefu, kijana aliyeanza juzi, na mteja asiyejua kitu. Waoneshe kile kifaa au waelezee lile tatizo, kisha uwaulize wao wanaliitaje. Usiwasahihishe. Andika kama walivyotamka.

Nilipofanya hivyo kwa mashine ya kuzalisha umeme kwa mafuta, fundi aliniambia "groupe électrogène", kijana akasema "groupe" tu, na mama mmoja wa Katuba anayeuza vinywaji baridi akasema "ile mashine ya mafuta". Ndugu yetu aliyekaa miaka kadhaa Dar es Salaam aliiita "jenereta". Majina manne, kitu kimoja. Kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220 nacho ni hivyo hivyo: "onduleur", "convertisseur", "inveta". Hapa kwetu Kifaransa cha shule, Kiswahili cha mtaani na Kiswahili sanifu vinakaa ndani ya mdomo mmoja, na mtu hawezi kujua mwandishi alichagua kipi siku ile.

Karatasi hiyo usiitupe. Utaihitaji hatua ya 4.

Hatua ya 2: Tafuta kama ukurasa upo

Ingiza kila neno la kwenye karatasi katika sanduku la kutafutia. Ukikuta ukurasa unaozungumzia jambo lako, uboreshe huo. Kurasa mbili za jambo moja ni mbaya kuliko kukosa ukurasa, kwa sababu mmoja utasahihishwa na mwingine utabaki na kosa, na hujui mwenzako ataangukia upi.

Hatua ya 3: Kichwa

Kichwa ndicho kinachobeba mzigo mkubwa kuliko sehemu yoyote ya ukurasa. Ndicho kinachotokea kwenye orodha ya matokeo, ndicho wengine watakachokiandika wanapounganisha kurasa zao na wako. Sisi tumekubaliana mambo machache, na hatuyavunji hata kama mwandishi ana sababu nzuri.

Jina la kitu linatangulia. Tunaandika "Betri ya asidi: haichaji", hatuandiki "Namna ya kutatua tatizo la betri isiyochaji". Wiki hupanga orodha kwa alfabeti. Kurasa zote zikianza na "Namna ya" au "Jinsi ya", orodha nzima inarundikana chini ya herufi mbili na haimsaidii mtu. Zikianza na jina la kitu, kila linalohusu betri linakaa pamoja.

Jina liwe katika umoja: "Paneli", "Waya", "Kifaa". Mtu akikumbuka "waya" na wewe uliandika "Nyaya", mashine haioni undugu wowote kati ya maneno hayo mawili. Wewe unauona kwa sababu ulizaliwa ndani ya lugha.

Herufi kubwa ni mwanzoni tu, na kwenye majina ya pekee. MediaWiki, kama ilivyowekwa kwa kawaida, haijali ukubwa wa herufi ya kwanza ya kichwa, lakini zinazofuata inazijali: kwa viungo (maneno unayoyabofya kufungua ukurasa mwingine), "Betri ya asidi" na "Betri ya Asidi" ni kurasa mbili tofauti. Tulikuwa na kurasa pacha saba za namna hiyo kabla hatujagundua.

Usiweke mwaka wala jina la mwandishi ndani ya kichwa. Wiki yenyewe inatunza historia ya nani aliandika nini na lini.

Na jihadhari na jina linalobeba vitu viwili. Katika mji huu mfano uko wazi: Kenya ni nchi, na Kenya ni komine, yaani sehemu ya mji yenye utawala wake, hapa Lubumbashi. Lubumbashi yenyewe ni mji, ni komine ndani ya mji huo, na ni mto. Tulipoanza kuandika kurasa za maeneo tuliyofunga mitambo, mwenzetu mmoja alifungua ukurasa "Kenya", na mwingine akadhani kikundi kimepata kazi nje ya nchi. Sasa tunaandika "Kenya (komine ya Lubumbashi)". Mabano mwishoni mwa kichwa yanatosha. Hayachoshi na yanaondoa utata.

Hatua ya 4: Sentensi ya kwanza, na majina yote mengine

Sentensi ya kwanza iseme kitu ni nini, kinafanya nini, na watu wanakiitaje. Hapa ndipo ile karatasi ya hatua ya 1 inaporudi. Ukurasa wetu wa regileta unaanza hivi:

"Regileta ya chaji (régulateur, kontrola, kidhibiti chaji) ni kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, kikizuia betri isijazwe kupita kiasi."

Majina manne ndani ya sentensi moja, na mtu akitafuta lolote kati ya hayo ataufikia. Usiyasambaze majina hayo ndani ya ukurasa, hapa "régulateur", pale "kontrola", kwa kudhani unapamba lugha. Yataje yote mara moja mwanzoni, chagua moja, kisha shikamana nalo hadi mwisho. Kijana anayejifunza akikutana na majina matatu katika aya tatu atadhani ni vifaa vitatu. Nimeona kijana akienda dukani kuulizia kifaa ambacho tayari alikuwa nacho mkononi, na kosa lilikuwa la ukurasa.

Kisha tengeneza kurasa za kuelekeza. Katika MediaWiki unafungua ukurasa mtupu wenye lile jina lingine, unaandika mstari mmoja tu:

#REDIRECT [[Regileta ya chaji]]

Unahifadhi, basi. Anayeandika "kontrola" anapelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa halisi. Ni kazi ya nusu dakika, na sijui kazi nyingine ya nusu dakika yenye faida kubwa hivi katika wiki.

Usifanye hivyo kwa majina ya vifaa peke yake. Majina ya mahali yanaihitaji zaidi, hasa kwetu. Mji huu uliitwa Élisabethville hadi 1966. Likasi iliitwa Jadotville. Mkoa ulioitwa Katanga ukaitwa Shaba kuanzia 1971, wakati nchi nayo ikiitwa Zaire, ukarudi kuwa Katanga 1997, na mwaka 2015 ukagawanywa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Sasa fikiria karatasi za mtambo wa zamani ambazo mteja amezitunza kabatini. Zilizoandikwa 1985 zinasema Shaba, za 2005 zinasema Katanga, na barua ya wiki iliyopita inasema Haut-Katanga. Mji ni uleule, hata nyumba ni ileile. Mzee aliyefanya kazi migodini maisha yake yote atatafuta kwa jina alilolizoea, na ni haki yake kupata jibu. Kurasa za kuelekeza ndizo zinazowaweka mzee huyo na mjukuu wake kwenye ukurasa mmoja.

Hatua ya 5: Mkumbuke mtafutaji wa Kiswahili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haitakwambia jambo hili.

Kiswahili kinabadilika mbele ya neno. Kuchaji, inachaji, haichaji, haijachaji, ilichaji, isipochaji: sisi tunasikia mzizi mmoja, lakini utafutaji wa wiki nyingi hulinganisha neno zima, herufi kwa herufi. Ukiandika "kuchaji" ukurasa mzima, anayetafuta "haichaji" hakupati. Nyota ya kutafutia, pale inaporuhusiwa, kwa kawaida huwekwa mwishoni mwa neno: "chaji*" italeta "chaji" na "chajiwa". Haiwezi kushika kilicho mbele, na kwetu mambo yote yako mbele.

Ongeza wingi: kifaa na vifaa, jiwe na mawe, ufunguo na funguo. Ongeza matamshi ya hapa, ambapo tunasema "muji" na sanifu inaandika "mji", "batri" na wengine "betri". Wazee waliosoma zamani bado wanaandika "tsh" mahali pa "ch" na "dj" mahali pa "j".

Dawa yake tunaiita mstari wa "Watu husema". Chini ya sentensi ya kwanza ya kila ukurasa wa tatizo, tunaandika maneno kama yanavyotoka mdomoni, yamebadilika hivyo hivyo na viambishi vyake:

"Watu husema: batri haichaji, betri haijai, betri imekufa, haishiki chaji, taa ya chaji haiwaki."

Mstari huu hautafuti uzuri. Usiusafishe, wala usiugeuze uwe Kiswahili cha mtihani. Mwanzoni walimu wawili wa kikundi walipinga, wakaona tunaharibu lugha. Nawaheshimu, na mwili wa ukurasa tunauandika kwa sanifu kwa kuwasikiliza wao: msomaji wa Goma, wa Kolwezi na wa Kigoma wote wausome bila kukwama. Lakini mlango wa kuingilia lazima ufunguke kwa ufunguo ambao mtu anao tayari.

Kuna neno moja ambalo lilitufundisha kwa shida. Katika Kiswahili cha vitabu na cha Wikipedia, "makala" ni andiko. Hapa Lubumbashi makala ni mkaa, ule unaokuja kwa magunia, tunaopikia bukari (ugali). Ukurasa wetu wa msaada uliandikwa "Ongeza makala yako hapa", na wanachama waliosoma kwa Kifaransa tu waliupita bila kuelewa unawataka wafanye nini. Tulibadilisha kila mahali: tunasema "ukurasa". Kila kikundi kina neno lake la namna hiyo. Litafute mapema.

Tumeweka pia ukurasa mmoja unaoitwa "Maneno yetu". Una safu mbili: neno tulilochagua, na maneno tusiyoyatumia ndani ya mwili wa ukurasa. "Inveta", si "onduleur". "Ncha chanya", si "plus". Mwandishi mpya anausoma kwanza. Ubishi ukitokea unajadiliwa pale mara moja, unaisha, na haurudiwi katika kila ukurasa.

Hatua ya 6: Ukurasa mmoja, jambo moja

Tulikuwa na ukurasa mmoja mrefu ulioitwa "Betri". Ulikuwa na kila kitu, na ulikuwa wa hatari. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, inaonesha karibu 12.7. Ikiwa nusu, karibu 12.2. Ikifika 11.9 imekwisha. Lakini betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, nayo inayouzwa kama ya volti 12, ikionesha 12.8 ikiwa imepumzika imekaribia kwisha. Namba ambayo kwa betri moja ni habari njema, kwa nyingine ni onyo. Aliyetelemsha ukurasa kwa kidole gumba kwenye kioo kidogo cha simu alisoma namba bila kuona kichwa kidogo kilichokuwa juu yake.

Tukaugawa. "Betri ya asidi" peke yake, "Betri ya lithiamu" peke yake, na "Betri" ikabaki ukurasa mfupi unaokuuliza una ipi, kisha unakuelekeza. Kipimo chetu ni hiki: kama huwezi kusema ukurasa unahusu nini bila kutumia neno "na", ugawe.

Hatua ya 7: Mwili wa ukurasa

Mpangilio uwe uleule kila mahali, ili jicho lizoee: hatari kwanza, kisha vifaa vinavyohitajika, kisha hatua, mwisho namna ya kujua kama umefaulu. Onyo likiwekwa mwishoni, mtu atalisoma akiwa ameshaungua.

Kila hatua iwe na tendo moja, na ianze na kitenzi cha kuamuru: pima, fungua, kaza. Mpangilio ukiwa na maana, sema sababu yake. "Unganisha betri kwenye regileta kwanza, paneli baadaye; wakati wa kufungua, anza na paneli." Bila sababu, mtu ataigeuza siku atakayokuwa na haraka. Ukimweleza kwamba regileta nyingi husoma volti ya betri kwanza ili zijipange, na kwamba paneli bila betri inaweza kuiunguza, ataikumbuka hata bila ukurasa.

Sema pia ukurasa unafaa wapi. Mfano ninaourudia kwa kila mwanachama mpya: video nyingi za mafunzo zinatoka Ulaya na zinasema paneli itazame kusini. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 12. Kwetu paneli inatazama kaskazini, na mwinamo wa nyuzi 12 hadi 15 unatosha, pia unasaidia maji ya mvua kuosha vumbi la kiangazi. Mtu akinakili maelezo ya Ulaya bila kutaja yanatoka wapi, anageuza paneli za watu zitazame upande usiofaa. Andika wazi: "Maelezo haya ni ya Lubumbashi na miji ya jirani."

Namba nazo zina ugomvi wake. Shuleni tulifundishwa kuandika 12,7 kwa mkato. Mita, kile kifaa cha kupimia umeme, inaonesha 12.7 kwa nukta. Tulichagua nukta, kwa kuwa ndiyo fundi anayoiona kwenye kioo akiwa kazini, na kwa kuwa anayetafuta "12.7" hapati "12,7". Mkichagua mkato sitagombana nanyi, ila msichanganye. Kila namba ibebe kipimo chake: volti, ampea, wati, mita. "Pima uone kama ni 20" haimwambii mtu kitu.

Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi: 5 Machi 2023. Ukiandika 05/03, mwingine atasoma Machi, na mwingine aliyezoea kalenda ya Marekani atasoma Mei. Bei tumeziondoa kabisa ndani ya kurasa za ufundi. Zina ukurasa wake, kila bei na tarehe yake na sarafu yake, franka au dola.

Huu hapa ukurasa ulioandikwa upya, ule ambao kijana wa Ruashi hakuuona:

Betri ya asidi: haichaji

Betri ya asidi (batri ya maji, batterie) ya volti 12 ambayo volti yake haipandi ingawa jua lipo. Kwa betri ya lithiamu, angalia ukurasa "Betri ya lithiamu: haichaji".

Watu husema: batri haichaji, betri haijai, betri imekufa, haishiki chaji, taa ya chaji haiwaki.

Hatari: Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara karibu na betri. Inapochaji hutoa gesi inayowaka.

Vifaa: mita, bisibisi, kitambaa kikavu.

1. Pima volti kwenye ncha za betri jua likiwa kali. Ikizidi volti 13, betri inapokea chaji. Shida iko kwingine.
2. Ikiwa chini ya 13, fungua nyaya za paneli kwenye regileta, upime nyaya hizo. Paneli ya mfumo wa volti 12 huonesha karibu volti 20 hadi 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu.
3. Ukipata sifuri, fuata waya hadi kwenye paa: angalia fyuzi, viungio, na mahali panya wanapopita.
4. Paneli ikiwa nzima, fungua nyaya za betri, safisha ncha zake, unganisha betri kwanza, kisha paneli.
5. Bado? Jaribu regileta nyingine ambayo una hakika ni nzima.

Umefaulu kama: ndani ya dakika chache volti inapanda polepole na taa ya chaji inawaka.

Imejaribiwa: Ruashi na Kampemba, Aprili.

Unaona kwamba ni mfupi. Ule wa kwanza ulikuwa mara nne ya huu.

Hatua ya 8: Viungo na jamii

Usiandike "bofya hapa". Kiungo kibebe jina la ukurasa kinakokwenda, ili mtu ajue kabla ya kutumia megabaiti zake, na ili ukurasa uliochapishwa kwenye karatasi ubaki na maana. Kwetu kurasa kumi muhimu zimechapishwa na kubandikwa ukutani, kwa sababu umeme ukikatika hata wiki inalala.

Jamii, yaani makundi ya kurasa zinazofanana, mbili au tatu kwa ukurasa zinatosha: [[Jamii:Betri]], [[Jamii:Matatizo]]. Usibuni jamii yenye ukurasa mmoja.

Hatua ya 9: Acha alama ya ulikotoa habari

Eleza ulijuaje: umejaribu mwenyewe, umesoma kwenye kitabu cha kifaa, au umesikia. Yote matatu yanakubalika yakisemwa wazi. Kinachodhuru ni "nimesikia" iliyovaa nguo za "nimejaribu". Na mwenzako akibadilisha ulichoandika, usikasirike kabla hujaangalia historia ya ukurasa. Toleo lako bado lipo, na linaweza kurudishwa. Ward Cunningham, aliyetengeneza wiki ya kwanza mwaka 1995, alichukua jina hilo kutoka lugha ya Hawaii, ambako "wiki" ni haraka. Kusahihisha kulikusudiwa kuwa rahisi tangu mwanzo. Kwa hiyo unaposahihisha, andika sababu katika kisanduku cha muhtasari, hata maneno matatu: "volti zilikosewa, nimepima".

Hatua ya 10: Mpe simu mtu ambaye hakuandika

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na mimi sikubali irukwe. Mwite mwenzako. Mpe simu yenye mtandao dhaifu kama ulivyo mtandao wa kweli, si ule wa ofisini. Mweleze tatizo kwa maneno ya mteja: "Mama analalamika taa zinazima saa mbili usiku." Usimtajie jina la ukurasa. Kaa kimya, angalia vidole vyake.

Andika kila neno analoliingiza. Lililomfikisha, sawa. Lililomrudisha na orodha tupu, usimwambie amekosea. Kabla hajaondoka, lifanye neno hilo ukurasa wa kuelekeza, au liongeze kwenye mstari wa "Watu husema". Angalia pia ukurasa ulichukua muda gani kufunguka; picha kubwa zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera zipunguze kabla ya kuzipandisha, au mtu atakaa juu ya paa akisubiri rangi ya waya ijitokeze.

Sisi tunafanya jaribio hili kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kurasa tatu tu kwa siku, na kila mara tunaanza na mwanachama aliyejiunga mwisho. Mwezi uliopita alikuwa binti wa miaka 19 kutoka Kamalondo. Nilimwambia inveta inapiga kelele. Akaandika "onduleur inalia". Hatukuwa na neno "inalia" popote. Sasa tunalo.